Mkutano mkuu umechagua ghala, akina mama wamesema maji. Niandike nini kwenye mpango wa kijiji?

Binti_Mtendaji

Habarini ndugu zangu. Mimi ni mtendaji wa kijiji, mwaka wangu wa kwanza kazini. Kijiji kipo juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Nimekwama kwenye mpango wa maendeleo, na siku za kuupeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata zimekaribia.

Tulifuata utaratibu wa fursa na vikwazo, yaani wanakijiji wenyewe wanataja walichonacho na kinachowakwamisha, kama nilivyofundishwa. Siku ya kwanza mkutano mkuu ulikaa chini ya mwembe, watu wakajaa. Hoja iliyotawala ni ghala la korosho. Kwenye muhtasari niliandika waliosimama kuongea: 14, mwanamke mmoja. Mikono ikanyooshwa, ghala likapita.

Kesho yake tukakaa kwa makundi: wazee, vijana, akina mama. Akina mama ghala hawakuligusa kabisa. Walichora kijiji kwenye mchanga, mbegu za korosho zikawa nyumba, majivu yakawa barabara. Wakaonyesha bomba linalotoa maji kwa zamu, na njia ya kuteremka bondeni zamu isipofika. Mama mmoja alisema huondoka jogoo la kwanza na kurudi jua limeshapanda, na hiyo ni ndoo moja. Tangu siku ile sijalala vizuri.

Mwenyekiti wangu, ambaye namheshimu, anasema mkutano mkuu ndio wenye mamlaka, ya makundi ni maoni tu. Mwenzangu wa kata nyingine kanishauri niandike maji, nani atajua. Nisaidieni, naomba msinifiche.

Mwana_Nachingwea

Dada pole, ila ushauri wa huyo mwenzako uutupe leo. Halmashauri ya kijiji inaandaa mpango, mkutano mkuu unauridhia. Wewe ni mwandishi wa kikao. Ukibadilisha kipaumbele kwa kalamu yako, hata kama nia ni njema, umewanyang'anya watu mpango wao. Mwaka kesho atakuja mtendaji mwingine abadilishe kwa faida yake, na utakuwa wewe umemfungulia mlango.

Sisi huku Nachingwea tunaijua mipango ya kuandikiwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, walilenga mamilioni ya ekari, wakaanzia Kongwa, Urambo na huku kwetu. Reli ikajengwa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, karibu pauni milioni 36 zimeteketea, na reli nayo ikaja kung'olewa. Mvua na udongo wa huku wenyeji walikuwa wanavijua.

Mzee_Mstaafu

Binti yangu, nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii Mtwara na Lindi tangu enzi za RIPS, ile programu ya Ufini iliyoanza 1988. Miaka ya tisini ndiyo tulianza kukaa chini na wanakijiji, tunachora ramani, tunatembea nao kutoka juu ya uwanda hadi bondeni tukiuliza kila hatua. Kabla ya hapo tulikuwa tunakwenda na dodoso, tunajaza, tunaondoka.

Nikwambie kilichonifundisha. Kwanza, mkutano mkuu na kundi dogo havipimi kitu kimoja. Mkutano unapima nani ana sauti. Mwanamke hatasimama mbele ya mjomba wake na wakwe zake kusema ghala lisubiri. Hata mkiitana mara tano chini ya mwembe huo huo, jibu ni ghala. Kwa hiyo hujapata majibu mawili yanayogombana, umeuliza maswali mawili.

Pili, usipeleke matokeo ya akina mama kwa mwenyekiti kama malalamiko. Rudisha makundi yote kwenye kikao kimoja na uweke kalenda ya misimu ukutani. Miezi kumi na miwili, halafu kila kundi liweke mawe: mvua lini, kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, lini, kuokota korosho lini, fedha zinaingia lini, maji yanaadimika lini. Usiseme neno. Waache wasome wenyewe.

Na mwombe mwenyekiti aiongoze. Tulipowaruka wenyeviti, kazi yetu ilikufa siku gari lilipoondoka.

Mama_Korosho_Newala

Mzee kasema kweli. Mimi ni mkulima, nina mikorosho yangu. Maji yanatuishia kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua ya mwanzo, na korosho zinaanguka kipindi hicho hicho. Asubuhi ninayokwenda bondeni ndiyo asubuhi ya kuokota. Korosho inalala chini, ikinyeshewa inaharibika na daraja linashuka. Waulize hao wanaume ghala watajaza nini.

Kijana_Tandahimba

Samahanini wakubwa, mimi nimekata tamaa na haya mambo. Kijijini kwetu mpango wa miaka mitano unafanana na wa kijiji jirani mpaka makosa ya herufi. Wilayani kuna ukomo wa bajeti, fedha zikija zimeshapangiwa kazi. Kuchora kwenye mchanga kunabadilisha nini?

Mzee_Mstaafu

Kijana wangu, uchungu wako naujua, na kuhusu ukomo wa bajeti hujakosea. Ndiyo maana mpango mzuri una safu mbili: tunayofanya wenyewe, na tunayoomba. Vijiji vingi vinaandika ya kuomba tu, vinakaa kusubiri. Binti, anza na safu ya kwanza.

Mpango wa kutoka juu peke yake unaweza kuumiza pia. Korosho ya nchi hii ilifika kama tani 145,000 msimu wa 1973/74, mwishoni mwa miaka ya themanini ikawa chini ya 20,000. Bei ilichangia, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulichangia, lakini na watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali porini bila wa kuipalilia. Nilikuwa kijana, niliona mashamba ya baba yangu yakigeuka msitu.

Fundi_wa_Visima

Niongeze la ufundi. Uwandani kuchimba kisima cha kawaida ni kupoteza nguvu, maji yapo chini mno. Wazee wetu wanavuna ya paa kwenye visima vya saruji, fanyeni hivyo kwa ukubwa wa kijiji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua paa la madarasa la mita za mraba 200, mvua ya msimu milimita 800, ni lita 160,000. Toa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki 128,000. Kinachokosekana ni magata, yaani mifereji ya kukinga maji ya paa, na kisima cha kuzitunza. Hata ghala lina paa, unganisheni.

Mama_Korosho_Newala

Fundi ahsante, ila hapo kwenye kuunganisha nakataa. Maji yakiandikwa ndani ya mradi wa ghala, siku fedha ya ghala ikikosekana na maji yamekwenda nayo. Mwanangu, maji yawe na mstari wake na fedha yake.

Binti_Mtendaji

Shikamooni wazee wangu. Ahsanteni wote, narudisha mrejesho.

Mwenyekiti alikubali kuongoza kalenda. Mawe ya akina mama na mawe ya korosho yalipoangukia miezi ile ile, alikaa kimya muda mrefu, halafu akamwita mama yule wa jogoo la kwanza aeleze. Alieleza akiwa amekaa, sauti ndogo, lakini alisikilizwa. Tukalinganisha miradi miwili miwili kwa kuweka mbegu. Maji ya paa la shule yamekuwa la kwanza, ghala la pili, na mkutano mkuu umeyaridhia upya. Wazee watatu hawakufurahi, nimeliandika hilo kwenye muhtasari.

Safu ya wenyewe: mchanga, kokoto, kuchimba shimo, na makato kwa kila kilo ya korosho. Safu ya kuomba: saruji, nondo na magata. Mstari wa maji umesimama peke yake, mama.

Fundi, shimo la lita 128,000 lote kwa pamoja linanitisha. Tukianza na visima viwili vidogo, tuviweke pande mbili za paa au upande mmoja?

Fundi_wa_Visima

Pande mbili, dada. Kimoja kikipasuka, kingine kinawavusha mwezi wa kumi. Anzeni kuchimba mvua ikishakatika.