Soseji za kuzungushiwa unga kwa sherehe ya Halloween: kwa nini tepe zinateleza?

Mama wa Tabata

Habari zenu, ndugu zangu. Tarehe 31 Oktoba binti yangu wa miaka saba amealikwa kwenye sherehe ya Halloween nyumbani kwa mwanafunzi mwenzake huko Masaki, na kila mzazi ameombwa apeleke kitafunwa kimoja chenye sura ya kutisha kidogo. Nimechagua soseji zinazozungushiwa tepe za unga hadi zifanane na maiti za kale za Misri zilizofungwa vitambaa, huku ukiachwa uwazi mdogo wa macho.

Jumamosi nilifanya jaribio na sikuridhika hata kidogo. Nilisukuma unga wa siagi ninaoutumia kwa pai, nikakata tepe za upana wa vidole viwili, nikazizungushia soseji zilizotoka tu kukaangwa, kisha nikaoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 25. Tepe ziliteleza zikajikusanya upande mmoja, siagi ikachuruzika kwenye trei, na sehemu ya chini ikabaki mbichi. Watoto watakuwa ishirini na kitu, wakiwemo wa miaka mitatu na minne, na baadhi yao wanatoka familia za Kiislamu. Nimekosea wapi, na macho niyatengeneze kwa kitu gani?

Mwokaji wa Kinondoni

Dada yangu, kosa kubwa ni joto, na joto hilo ni la Dar es Salaam zaidi kuliko la mkono wako. Siagi huyeyuka ikifikia nyuzi 32 hadi 35 hivi, na jikoni kwetu mwezi wa Oktoba, mchana, moto ukiwa umewashwa, kiwango hicho si cha mbali. Unga wa siagi hupanda na kuwa na matabaka kwa sababu siagi iliyo baridi inapoingia katika oveni kali, maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke na kuinua tabaka moja juu ya jingine. Ikiyeyuka kabla ya hapo, mvuke hauna cha kuinua, na mafuta yanakimbilia kwenye trei kama ulivyoona. Wewe uliweka soseji ya moto katikati, kwa hiyo unga ulianza kulegea kutoka ndani, kisha ukaupeleka kwenye oveni iliyokuwa na upole mno.

Fanya kazi hii alfajiri au usiku. Kwa gramu 250 za unga wa ngano tumia gramu 125 za siagi iliyoganda kwenye friza, uikwaruze kwa kikwaruzio cha karoti moja kwa moja juu ya unga uliotiwa chumvi kidogo, uichanganye kwa ncha za vidole, kisha ukamatishe donge kwa vijiko vitano au sita vya maji ya barafu. Usilikande kama la chapati, kwa sababu litakuwa gumu na tepe zitajivuta ovenini. Lifunike, lilale ndani ya friji kwa nusu saa, ndipo ulisukume. Majarini laini ya kopo siipendekezi kwa kazi hii, kwa kuwa katika hali yetu ya hewa inalegea mapema mno.

Soseji ziive, zipoe kabisa, kisha uzikaushe kwa kitambaa safi, maana unyevu wa juu ndio unaoufanya unga uteleze na upande wa chini ubaki mbichi. Kata tepe za sentimita moja tu. Hizo za vidole viwili ni pana mno. Zungusha bila kuvuta, kila mzunguko ukigusa kidogo uliotangulia, na ncha zote mbili uzifiche chini ya soseji ili uzito wake uzikandamize. Rudisha trei nzima ndani ya friji kwa dakika 20, paka yai, kisha oka kwa nyuzi 200 hadi unga uwe na rangi ya hudhurungi, kwa kawaida dakika 18 hadi 20. Hiyo hatua ya kurudisha trei kwenye friji ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo iliyoniokoa mimi.

Kwa macho, weka vitone viwili vya mayonesi baada ya kuoka, na juu ya kila kitone punje moja ya habasoda. Usitumie pilipili manga nzima, mtoto ataiuma na sherehe yake itakuwa imeishia hapo.

Bibi wa Ilala

Wanangu, mapishi yameelezwa vizuri, lakini nina neno moja kuhusu umbo. Katika nyumba nyingi za mji huu, mwili uliozungushiwa kitambaa cheupe ni sanda, na pengine miongoni mwa watoto hao yupo aliyemzika babu yake juzi. Hata jina mumiani, ambalo asili yake ni Kiajemi na lina undugu na hizo maiti za Misri, kwetu lilikuwa la wanyonya damu, na tulilikimbia kweli. Binti yangu, mwulize kwanza mwenye sherehe. Ukiona mashaka, tepe hizohizo zizungushe kwa kuacha nafasi, uunde kichwa cha unga juu, upate nyoka. Nyoka anatisha vya kutosha.

Soseji zenyewe chukua za kuku au za ng'ombe zenye alama ya halali, na usizioke kwenye trei moja na za nguruwe.

Muuguzi wa Temeke

Naongeza jambo moja kwa msisitizo. Soseji ya duara ina ukubwa wa kuziba koo la mtoto mdogo. Kwa walio chini ya miaka mitano, ipasue kwa urefu mara nne kabla ya kuizungushia unga, na usichomeke vijiti vya meno.

Mama wa Tabata

Shikamoo bibi, na ahsanteni nyote. Nimezungumza na mwenyeji, naye amekiri kwamba hakuwa amelifikiria suala la sanda, kwa hiyo nitatengeneza nyoka. Jana usiku nilijaribu tena kwa siagi iliyokwaruzwa, na hakuna tepe hata moja iliyofunguka. Limebaki moja: kutoka Tabata hadi Masaki kuna foleni, na nahofia vitalainika njiani.

Mwokaji wa Kinondoni

Usiviweke kwenye hotpoti vikiwa vya moto, kwa sababu mvuke wake wenyewe utavilegeza. Vipoze juu ya waya, vipange kwenye boksi la karatasi bila kulifunga sana, kisha uviombee dakika saba za oveni ya moto ukifika. Nyama isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na siku ya joto la kupita nyuzi 32 isizidi saa moja, kwa hiyo ukiona foleni itakuwa ndefu, vibebe ndani ya kasha lenye barafu. Mayonesi na habasoda beba kando, uweke macho hukohuko.