Kobe mchanga analala mno: ni umri au ni taa?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kufuga kobe ndani ya nyumba. Niko Uingereza, na huku jua la majira ya baridi ni la kubahatisha. Binti yangu ana kobe mdogo wa Hermann, wale wa asili ya pwani za Mediterania, hajatimiza mwaka. Asubuhi anaota joto, anakula majani vizuri, kisha anajifukia kwenye udongo hadi kesho yake. Macho maangavu, gamba gumu.

Najua makobe wachanga hulala sana na hupenda kujificha. Kinachoninyima raha ni taa. Chini ya balbu ya joto kipimo kinasoma nyuzi 33, upande wa pili 22. Taa ya UVB, yaani ya miale isiyoonekana kama ile ya jua, inayomwezesha kutengeneza vitamini D3 ili kalsiamu ijenge mifupa na gamba, inawaka kwa saa 12 kila siku. Lakini tuliinunua imeshatumika, na taa hizi huendelea kung'aa hata miale yake ya UVB ikiwa imefifia.

Je, ninunue mpya sasa hivi au nitafute kwanza kipimo cha UVB? Taa iwe umbali gani kutoka mgongoni kwake, ikiwa katikati kuna wavu? Na mchana nimwamshe ale tena, au nimwache alale?