Michigan, acheni kusingizia baridi kwa ubovu wa barabara zenu! Kwani Ohio haianguki theluji?

Wakuu, leo sina utani. Sisi tunaopiga barabara kuu ya I-75 na malori huku Marekani tunaomba mtu atueleze: theluji ya Toledo, Ohio, na ya Monroe, Michigan, ni tofauti? Hapo katikati kuna mpaka wa majimbo tu, na Ziwa Erie ni lile lile. Lakini ukiiacha Ohio ukaingia Michigan, usukani unaanza kutetemeka na trela inarukaruka nyuma kama mbuzi aliyekata kamba. Vipande vilivyojengwa upya ni safi, sikatai. Vikiisha hivyo, shika roho yako.

Ukiuliza, jibu ni baridi. Najua baridi inavyokula lami: maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda na kutanuka, mchana yanayeyuka, chini panabaki uwazi. Gurudumu likikanyaga hapo, shimo. Mwezi wa tatu ndiyo balaa lenyewe. Lakini hayo yote yanatokea Ohio pia!

Tofauti ni pesa. Mwaka 2019 majimbo yote mawili yalipata magavana wapya. DeWine wa Ohio, tena wa Republican, chama kisichopenda kodi, akasaini nyongeza ya senti 10.5 kwa galoni ya petroli na senti 19 kwa dizeli. Whitmer wa Michigan, aliyepigiwa kura kwa ahadi ya kutengeneza barabara, akaomba senti 45. Bunge likagoma, mwaka uliofuata akaenda kukopa dola bilioni 3.5. Na miaka yote hiyo kodi ya mauzo ya asilimia 6 tuliyokuwa tunakatwa kwenye mafuta Michigan ilikuwa inaenda zaidi shuleni na kwingineko. Watoto wasome, sawa, lakini barabara nani ailipie? Hadi 2025 ndipo wakakubaliana kuifuta kwenye mafuta na badala yake kuongeza kodi ya mafuta inayoenda barabarani.

Halafu uzito. Barabara kuu za taifa kikomo cha kawaida ni pauni 80,000. Michigan inaruhusu hadi 164,000, zaidi ya tani 74, mradi uwe na ekseli 11, yaani vyuma 11 vya kushikia magurudumu. Wanasema kila ekseli inabeba kidogo. Kwenye karatasi, labda.

Kinachonichoma zaidi ni fidia. Sheria inasema shimo likikaa siku 30, serikali inahesabiwa kuwa ilijua. Chini ya hapo, wewe uliyepasua tairi ndiye uthibitishe kuwa walijua au walipaswa kujua. Nithibitishe vipi, niliandikie shimo cheti cha kuzaliwa? Mashimo ya huku yanazaliwa Jumatatu, Jumatano yameshakula rimu na shokapu!

Na nyie mnaojiandaa kuniambia nirudi nikaendeshe kwetu, tulieni. Sijalinganisha na kwetu, nimelinganisha na jirani wa maili chache.

Mliopita Indiana wiki hii, I-94 upande wa Gary ikoje? Nina mzigo wa kupeleka huko, na rimu nyingine sinunui.