Regulata ya brasi, titani au stenlesi: ipi ya kununua?

Chewa_Mpole
Wadau, miaka mitatu nazamia kwa regulata za kukodi (kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi), sasa nataka yangu. Mezani ninazo mbili: hatua ya kwanza (ile sehemu inayofungwa mtungini) ya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, iliyovikwa kromu, na ya titani ambayo bei yake inauma. Rafiki yangu naye ananisukuma kwenye stenlesi. Mara nyingi niko bahari ya joto, ila kila mwaka naingia ziwa baridi mara mbili tatu, na nasafiri sana kwa ndege. Muuzaji kaniambia titani "haishiki kutu, ukishainunua umeisahau". Kweli hiyo, au ni biashara?

FundiOringi
Ni biashara iliyochanganywa na ukweli. Titani kweli haishiki kutu baharini. Lakini kinachozeeka ndani ya regulata si ule mwili unaong'aa. Ni oringi, zile pete za mpira za kuzibia, ni kile kiti laini cha plastiki kinachoziba hewa ya shinikizo kubwa. Hivyo viko sawa kwenye brasi na kwenye titani, kwa hiyo sevisi utaifanya vilevile. Aliyesahau regulata yake ya titani nimeshamfungulia, nikakuta chumvi imegandamana kama sukari guru kwenye chemba ya springi.

Kuhusu brasi, watu huidharau kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Mimi naiona ndiyo iliyofanya regulata ziwezekane. Inachongeka vizuri, nyuzi zake za skrubu hazing'ang'anii, inavumilia oksijeni, na inapitisha joto. Kromu inayoiona macho yako ni utando mwembamba tu, chini yake kuna nikeli. Ikibanduka pale mipira ya hewa inapofungwa au pale nira, kile kibanio cha kuifungia mtungini, inaposugua mtungi, utaona ukijani. Huo ni uchafu wa juu, usikunyime usingizi.

Rangi ninayoiogopa mimi ni waridi. Mtu kaloweka regulata kwenye siki usiku kucha ili "ing'ae", asubuhi brasi imegeuka waridi kama ufizi. Maana yake zinki imetoka, imebaki shaba yenye vitundu. Hiyo siirudishi kazini.

Kasa40
Mimi ninayo ya titani, mwaka wa sita huu, na naipenda. Brasi ina uzito wa gramu 8.5 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, titani 4.5. Kwenye begi la ndege unaisikia tofauti. Ila tusidanganyane: chini ya maji ule uzito niliookoa nimeurudisha kwenye mkanda wa vizito vya risasi wa kunizamisha. Bahati yangu risasi naikuta niendako, siipandishi ndege.

Barafu_Moto
Kaka Chewa, umetaja ziwa baridi kama jambo dogo. Silo.

Hewa inatoka mtungini ikiwa na bar 200, hatua ya kwanza inaishusha hadi bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yanayokuzunguka. Hewa ikitanuka ghafla namna hiyo inapoa vibaya sana. Kinachookoa ni maji yenyewe: hata yakiwa nyuzi 4 bado yana joto kuliko hiyo hewa, na chuma cha regulata ndicho daraja la kulipitisha joto hilo. Brasi inapitisha zaidi ya wati 100 kwa mita kwa kelvini. Stenlesi kama 16. Titani safi iko karibu na 20, na zile aloi zake ngumu hazifiki hata 10.

Nilikuwa mita 18, mwenzangu anavuta pumzi kwa pupa huku anajaza hewa fulana yake ya kuelea. Nikasikia *tik* ndogo, kisha regulata ikaanza kumwaga hewa bila kukoma, mapovu yamemfunika uso simwoni. Nikampa ya akiba, tukapanda taratibu. Juu tukakuta ganda la barafu jeupe limeizunguka hatua ya kwanza. Ilikuwa ya titani. Sisemi brasi haigandi, inaganda pia, na regulata iliyozibwa vizuri isiingize maji kwenye springi ni muhimu kuliko metali. Kwa vipimo vya Ulaya, EN 250, maji chini ya nyuzi 10 ndiyo huitwa baridi. Tazama alama kwenye regulata kabla hujatazama mng'ao.

Pweza_Mvivu
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: unapumua nini? Kama una mpango wa nitroksi kali, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni nyingi, au oksijeni ya kupumua wakati wa kupanda, titani iache dukani. Ukifungua vali haraka, gesi inabanwa ghafla na kupata moto, na titani ikishika moto ndani ya oksijeni yenye shinikizo haizimiki kirahisi. Watengenezaji wengi wanakomea oksijeni asilimia 40, soma kijitabu cha yako. Alumini nayo siiamini hapo. Mitungi yangu ya oksijeni yote ina regulata za brasi, zimesafishwa maalumu kwa kazi hiyo.

Chewa_Mpole
Aisee, hilo la oksijeni muuzaji hakunigusia kabisa. Kozi ya nitroksi nimeshajiandikisha, ila ni ile ya kawaida, haivuki 40. Na stenlesi je?

FundiOringi
Stenlesi ya 316 ina molibdeni, ndiyo inayoifanya ivumilie chumvi kuliko stenlesi za kawaida. Ni ngumu, haichubuki, haina utando wa kubanduka. Lakini uzito wake unakaribiana na wa brasi, kwa hiyo ndege haikusaidii, na joto haipitishi, Barafu_Moto keshasema. Nyuzi za stenlesi kwa stenlesi zikikazwa kavu zinalana, spana inagoma, mwisho unakata. Tena kutu yake ni ya kujificha: maji ya chumvi yakituama chini ya oringi yanachimba vishimo vidogo pasipoonekana. Kwa nje inang'aa tu.

Na ujue, ukinunua ya brasi stenlesi unaipata humohumo. Springi ni stenlesi, na kwenye regulata nyingi za pistoni, pistoni yenyewe pia.

Kasa40
Ningekuwa na maziwa baridi kwenye ratiba, nisingenunua hii yangu. Nasema nikiwa naipenda.

Chewa_Mpole
Basi brasi, iliyozibwa, yenye alama ya maji baridi. Pesa inayobaki nanunua kompyuta ya kuzamia. Mzee FundiOringi, nikishatoka majini niioshe vipi?

FundiOringi
Kausha kofia ya vumbi, kile kifuniko cha tundu la kuingizia hewa, kwa taulo kwanza, halafu uifunge. Wengi huipuliza kwa hewa ya mtungi, matone yanarukia kwenye filta ya kuingizia hewa. Kisha iloweke kwenye maji baridi ya bomba, na ukiwa unaiosha usibonyeze kitufe cha hatua ya pili, ile ya mdomoni, kama haijaunganishwa na mtungi ulio wazi. Ukibonyeza, maji yanapanda kwenye mpira hadi hatua ya kwanza. Mwaka kesho ukiniletea nitaitazama filta kabla ya kitu kingine. Ikiwa ya kijani, nitajua ulibonyeza.