Kuchagua miche ya kitalu kwa ajili ya bonsai: niangalie nini kabla ya kulipa?

KiribaCheusi

Wakuu, habari za leo. Nataka kuanza bonsai, yaani mti unaofanywa mdogo kwenye chungu, kwa miche ya vitalu vya barabarani hapa Dar, si kwa mbegu. Kitalu cha karibu kina bogenvilia, fikasi benjamina, mvinje, mikwaju iliyo kwenye viriba na adeniamu. Pesa iliyopo inatosha miche mitatu.

Muuzaji anapanga bei kwa urefu: mche wa futi nne ni ghali mara tatu ya ule wa futi moja na nusu. Je, urefu huo una faida yoyote kwa bonsai? Nitajuaje kama mizizi iko sawa bila kumwaga udongo wa mtu? Na mche ukifika nyumbani, unahamishiwa kwenye chungu kifupi siku hiyo hiyo?

ShinaKwanza

Mkuu, urefu ndio kitu cha kwanza utakachokata, kwa hiyo usiulipie. Kinachokula miaka ni unene wa shina pale linapoingia udongoni. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba urefu wa mti uwe kama mara sita ya unene huo. Shina la sm 4 linabeba mti wa sm 24 hivi. Shina la sm 1.5 litakupa mti wa sm 9, na hapo hata jani la kawaida linaonekana kubwa mno. Mti ukishaingia kwenye chungu kifupi, kunenepa kwake karibu kunasimama. Ama ununue unene tayari, ama uupande mche ardhini kwanza.

Angalia pia kama shina linapungua unene kadiri linavyopanda. Lililonyooka kama mpini wa jembe, nene sawasawa chini hadi juu, liache hata kama majani yanang'aa. Nenda nyuma ya kitalu, kwenye miche iliyosahaulika hadi viriba vimechanika, iliyoinama kufuata jua, iliyokatwa kichwa mara tatu nne. Hiyo ndiyo mali, na mara nyingi ndiyo ya bei ndogo. Hakikisha ina tawi hai ndani ya theluthi ya chini: ukikata shina juu kidogo ya tawi hilo, tawi linageuka kilele kipya na shina linapata ule upungufu wa unene unaoutaka.

Kuhusu mizizi, omba ruhusa ya kufukua kwa kidole sm 2 hadi 3 za juu kuzunguka shina. Miche ya vitalu huhamishwa kutoka kiriba hadi kiriba, na mara nyingi hufukiwa zaidi kila inapohamishwa, kwa hiyo shina halisi limejificha chini. Unatafuta mizizi mitatu au zaidi iliyotoka pande tofauti kwa usawa mmoja. Mzizi uliojizungusha shingoni kama kamba ni sababu ya kuacha mche, kwa sababu shina na mzizi vyote vinanenepa, na mwisho mzizi unalikaba shina.

Kuna kosa moja ambalo wengi hawalioni. Kama mizizi imetoboa kiriba na kuingia ardhini, mche unakula kutoka ardhini, si kutoka kwenye kiriba. Muuzaji akiung'oa mbele yako na ukaondoka nao, majani yatanyauka ndani ya siku chache. Lipa kiasi, mwambie aukate mizizi hiyo, auweke kivulini wiki mbili, kisha urudi kuuchukua ukishatoa machipukizi.

MamaVyungu

Nakubaliana na ShinaKwanza, ila kila mti una tabia yake, na hapo ndipo wanaoanza wanapoua miche.

Fikasi benjamina: epuka ile iliyosukwa mashina matatu kama nywele. Yakinenepa yanaungana vibaya na uvimbe hautoki. Ukipogoa, acha angalau majani mawili kwenye kila tawi. Tawi la benjamina likibaki bila jani lolote, mara nyingi linakauka hadi shinani. Wengi husoma kwamba fikasi huchipua popote, wakati maelezo hayo yanahusu zaidi fikasi mikrokapa, aina nyingine ya fikasi.

Bogenvilia: hiyo unaweza kuikata hadi kisiki na ikachipua. Udhaifu wake uko kwenye mizizi, ambayo ni myembamba na inakatika ovyo, basi usiioshe yote kwa maji. Hamisha na donge lake, ukwangue pembeni tu. Mti wake ni laini na huoza haraka, kwa hiyo kila kidonda kikubwa kuliko penseli kipake gundi nyeupe ya mbao kikishakauka. Ile yenye maua ya rangi mbili tatu mara nyingi imebebeshwa, yaani matawi ya aina nyingine yameungwa kwenye shina lake. Tafuta uvimbe wa pandikizi kwenye shina. Ukiukata chini ya uvimbe utabaki na mti wa msingi na zile rangi zimekwenda, na ukiuacha, uvimbe utaonekana daima.

Mvinje: usiutoe kijani chote kwenye tawi, halitarudi. Ukifukua ukaona vifundo kwenye mizizi usiogope, ni makazi ya bakteria wanaoitwa Frankia, wanaovuta naitrojeni ya hewani kwa faida ya mti. Kwenye miche mingine vifundo vya mizizi mara nyingi ni dalili ya minyoo fundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi, na mche wa hivyo usiulete nyumbani.

Mkwaju: vijani vyake vidogo vinafaa sana, na gome hupasuka vizuri ukizeeka. Tatizo ni mzizi mkuu, ambao hufika chini ya kiriba ukajikunja. Chagua mche mchanga, ukate mzizi huo mapema, theluthi moja kwanza, uliobaki baada ya msimu.

Adeniamu: uliotokana na mbegu huwa na tumbo nene chini, wa kipande cha tawi huchelewa sana kulipata. Ukikata mizizi, acha vidonda vikauke kivulini siku 5 hadi 7 kabla ya kupanda, la sivyo tumbo linaoza. Vaa glavu: utomvu wake ni sumu, Wahadzabe huutumia kwenye mishale.

Kwa miche mitatu ningechukua benjamina mmoja, bogenvilia mmoja isiyobebeshwa na mkwaju mmoja.

MlimaKayaba

Kwa walio nyanda za juu za Kenya, orodha inabadilika. Mzeituni mwitu na kayaba, ule wa ua wenye miiba, hupatikana kwenye vitalu kwa bei ya chini na yote miwili huvumilia kupogolewa. Mtarakwa ni wa mikono yenye uzoefu: hauchipui kwenye sehemu ya tawi isiyo na kijani.

Na popote ulipo, geuza majani kabla ya kulipa. Pamba nyeupe kwenye maungio ni vidung'ata. Magamba ya kahawia yanayobanduka kwa ukucha ni vidugamba. Unga mweupe kwenye udongo uliofukua unaweza kuwa vidung'ata vya mizizi, wabaya kuliko wote kwa sababu huwaoni tena ukishapanda.

KiribaCheusi

Asanteni sana, dada na wakuu. Mmebakiza swali la chungu na udongo. Pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochanganywa kwenye udongo wa bonsai, sijaiona madukani huku.

ShinaKwanza

Usihamishe siku ya kwanza. Weka mche peke yake, mbali na mimea mingine, wiki tatu, uone kama wadudu wanajitokeza. Kisha fanya kazi moja kwa wakati: kata juu, subiri machipukizi yafike sm 15, ndipo uguse mizizi. Chungu cha kwanza kiwe kipana cha kawaida, au beseni lililotobolewa, si cha bonsai. Kwa Dar muda mzuri ni kuanzia mwisho wa Februari, masika yakikaribia. Juni hadi Agosti ukuaji hupungua na vidonda huchelewa kupona.

Badala ya pumisi ponda matofali ya kuchoma, chekecha upate chembe za mm 3 hadi 6, na utupe vumbi lote, kwa sababu ndilo linaloziba hewa. Changanya sehemu mbili za tofali, moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, moja ya mboji iliyoiva. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Ukitumia makumbi ya nazi badala ya mboji, yaloweke na kubadilisha maji mara tatu.

MamaVyungu

Kwa adeniamu punguza mboji iwe nusu ya hapo. Na mchanganyiko huu unakauka haraka: Januari na Februari huenda ukamwagilia asubuhi na jioni. Zamisha kidole hadi fundo la kwanza, kukiwa na unyevu, subiri.