Naanza wodi Mbeya: mipaka ya mwanafunzi wa udaktari ni ipi?

Mwana_Uyole: Shikamooni wakubwa. Nipo mwaka wa tatu, wiki ijayo tunaingia wodini hapa Mbeya. Wagonjwa wakiniita "dokta" niitikie tu? Na eksirei isiyo na jina, naweza kuirusha kwenye grupu la darasa WhatsApp tuijadili?

Sista_wa_Zamu: Marahaba. Jitambulishe kabla hujagusa shuka: "Shikamoo mama, naitwa fulani, mimi bado mwanafunzi wa udaktari. Naomba nikuulize maswali kisha nikupime tumbo. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki." Halafu nyamaza usubiri. Wengi wakiona koti jeupe hukubali chochote, kwa hiyo "haya" ya mtu aliyegeukia ukutani usiihesabu. Akikuita dokta, msahihishe kwa upole, yaishe.

Wapo wazee ambao Kisafwa au Kinyakyusa ndicho wanachojielezea vizuri. Tafuta muuguzi anayekijua. Usimfanye mtoto wa mgonjwa mkalimani, hasa kwenye maswali ya kujamiiana au VVU. Usiri wa majibu ya VVU umo kwenye sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008. Ndugu akikudaka koridoni, mpeleke kwa daktari wa wodi.

Kalamu_Nyeusi: Picha, hapana. Kufuta jina hakutoshi: pembeni mwa filamu kuna namba na tarehe, na picha ya simu hubeba saa, pengine hata mahali ilipopigwa. Ukiongeza "kesi nadra, wodi ya wanaume", Mwanjelwa nzima inajua ni nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Ijadilini palepale na msimamizi, au ichore kwa mkono kwenye daftari.

Mwana_Uyole: Asante. Na kwenye faili naandika?

Kalamu_Nyeusi: Ukiruhusiwa, ndiyo. Tarehe, saa, jina, "mwanafunzi, mwaka wa 3", msimamizi asaini chini yake. Ukikosea piga mstari mmoja, maneno yaendelee kusomeka, weka sahihi. Tipeksi marufuku, inaonekana kama unaficha kitu. Dawa usiandike: hujasajiliwa na Baraza la Madaktari.

Mzee_wa_Glavu: Mmesahau mikono. Kipukusi (sanitaiza) sugua sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji 40 hadi 60, saa na pete zikae mfukoni. Ukichomwa na sindano, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa dakika hiyohiyo. Dawa kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Wanafunzi hukaa kimya wakiogopa kufokewa, saa zinakatika. Kufokewa kunapona, bwana.

Mwana_Uyole: Na baridi hii ya Julai, sweta je?

Mzee_wa_Glavu: Mikono mirefu inafuta kila kitanda unachoinamia. Vaa kizibao ndani ya koti, mikono ya koti ikunjwe hadi juu ya kiwiko.

Sista_wa_Zamu: Na koti lifuliwe, jamani. Si la kwendea nalo kula chipsi.