Mrejesho: nafasi za utafiti kwa wanafunzi wa fizikia

Januari niliuliza hapa, nikiwa mwaka wa tatu wa fizikia, pa kuomba utafiti wa likizo ndefu. Asanteni sana. Aliyenionya kuhusu REU za Marekani (programu za utafiti wa likizo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) aliniokolea muda: zile za NSF, shirika la serikali ya huko linalofadhili sayansi, karibu zote ni za raia na wakazi wa kudumu wa huko. CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva, niliomba, barua moja ya mapendekezo ilichelewa, jibu likawa hapana. Kilichofaa ni kubisha mlango wa mhadhiri, matokeo ya mitihani mkononi. Sasa niko Kisumu, juu ya paa na maltimita, napima paneli ya sola kabla na baada ya kufuta vumbi. Volti hazisogei sana, mkondo wa umeme ndio hushuka paneli ikiwa na vumbi. Silipwi, na nauli ya matatu ni yangu.